Chikungunya: Ugonjwa Uliokuja na Ukame

Tukitaja mbu, wengi wetu hufikiria malaria, na tukitaja malaria hufikiria mvua. Leo tuuangalie ugonjwa mwingine wa mbu, chikungunya. Historia yake inatufunza kwamba hata kiangazi kina mbu wake.

Jina lenyewe ni la Kimakonde. Mwaka wa 1952 homa ngeni ililipuka katika nyanda za juu za Makonde, wilayani Newala, kusini mwa nchi iliyoitwa Tanganyika wakati huo. Wagonjwa walishikwa ghafla na homa kali na maumivu ya viungo, wakawa wanatembea wamejikunja. Wenyeji wakauita ugonjwa huo chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu. Huko juu maji yalikuwa ya shida. Watu waliyateka mbali na kuyaweka akiba nyumbani, na humo ndimo mbu walimozaliana.

Mwaka wa 2004 yakatokea kama hayo hapa kwetu, Lamu. Mvua zilikuwa haba, na maji ya akiba yalikaa siku nyingi majumbani bila kubadilishwa. Mbu wakapata makao. Uchunguzi wa damu uliofanywa mwaka huo ulionyesha kwamba karibu watu 75 kati ya kila 100 kisiwani walikuwa wameambukizwa. Ugonjwa ukafika Mombasa, na mwaka wa 2005 ukaingia visiwa vya Komoro. Kufikia 2006, zaidi ya thuluthi moja ya wakazi wa kisiwa cha Réunion walikuwa wameugua, na India nayo ilikuwa imekumbwa. Kwetu ulirudi Mandera mwaka wa 2016, kisha Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018.

Ni kweli, chikungunya huua kwa nadra. Lakini viungo huweza kuuma kwa miezi kadhaa. Mvuvi asiyeweza kukunja vidole atavutaje wavu? Mama asiyeweza kuchuchumaa atafuaje? Nyumba ikilala njaa, huo nao ni mzigo wa ugonjwa.

Je, msikilizaji, ufanye nini? Mbu huyu, aitwaye Aedes, huuma mchana. Kwa hivyo chandarua cha usiku, ingawa tunakihitaji sana kwa malaria, hakitoshi. Funika mitungi, mapipa na ndoo zako vizuri. Kila wiki vimwage na uvisugue kwa ndani, kwa sababu mayai hugandama ukutani juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Tupa makopo na magurudumu makuukuu yanayotega maji.

Ukishikwa na homa, nenda kituo cha afya upimwe, kwani huenda ikawa ni malaria. Chikungunya haina dawa ya kuua virusi vyake. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji kwa wingi na kutumia parasetamoli. Usimeze aspirini kabla ya daktari kuhakikisha kwamba si homa ya dengi, kwani yaweza kuleta kutokwa na damu.

Kiangazi kijacho, unapojaza pipa lako, kumbuka Newala na Lamu: maji ni uhai, lakini yafunikwe.