Mvua ya Buha na Reli ya Kigoma

Hakuna reli inayopita Kasulu wala Kibondo, katika nchi ya Buha, lakini mvua ya huko huifikia reli kila mwaka. Mto Ruchugi hushuka kutoka milima ya Kasulu hadi Uvinza, penye chumvi. Malagarasi nao hupitia upande wa Kibondo, ukatawanyika kwanza katika vinamasi vikubwa vinavyolishwa pia na Moyowosi, kisha ukageukia magharibi kutafuta Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipoifikisha Reli ya Kati Kigoma, Februari 1914, walikuwa wameipitisha kwenye njia ya maji hayo.

Walianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907 na Tabora 1912. Kampuni ya Philipp Holzmann ndiyo iliyojenga: njia yenye upana wa meta 1, urefu wa kilomita zipatazo 1,250, juu ya mataruma ya chuma kwa kuwa ya mbao yangeliwa na mchwa. Vipande vya meli ya Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba, vilisafirishwa kwa reli hiyo na meli ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915.

Watu wa Buha waliijua reli kwa miili yao. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Kasulu na Kibondo zikawa miongoni mwa sehemu zilizotoa manamba wengi. Wanaume walishuka kutoka vilimani, wakapanda mabehewa, wakaenda kukata mkonge mbali na kwao. Miaka ya 1990, wakimbizi kutoka Burundi na Kongo walipojaa makambini, sehemu ya chakula chao ilitoka Dar es Salaam kwa njia hiyohiyo.

Aliyewahi kusafiri na treni ya Kigoma anakumbuka jinsi behewa linavyoyumba. Kuyumba huko kuna sababu zake. Gurudumu la treni halina usukani. Uso wake umechongwa kwa mteremko mdogo, mara nyingi 1 kwa 20, na magurudumu mawili yamefungwa imara kwenye ekseli moja. Ekseli ikisogea kushoto, gurudumu la kushoto hukanyaga reli kwa sehemu yake nene, hutembea umbali mrefu zaidi kwa kila mzunguko, na ekseli hujirudisha kulia. Ikipitiliza, hurudi tena kushoto. Mhandisi wa Kijerumani Klingel alilipigia hesabu wimbi hilo mwaka 1883. Kwenye njia ya meta 1, kwa gurudumu jipya la kipenyo cha sentimita 86, wimbi moja huchukua meta 13 hivi.

Kwenye njia iliyonyooka na kwa mwendo wa wastani, wimbi hilo hufifia lenyewe. Taabu huanza reli inapokuwa na mawimbi yake. Viungio vya vipande vya reli ndivyo huzama kwanza, kwa sababu kila gurudumu huvigonga. Vikizama kwa umbali unaolingana na mtikisiko wa behewa, kila kiungio huongeza nguvu ya kile kilichotangulia, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea kila anaporudi. Na pigo halimuumizi abiria tu. Gurudumu linaloruka hutua kwa nguvu kupita uzito wake, hulididimiza taruma, na shimo huongezeka. Treni yenyewe huiharibu njia ambayo kesho itaipita.

Hapo ndipo mvua ya Buha inapoingia. Tuta likilowa, tope hupanda katikati ya kokoto, na kokoto zikishajaa tope hazipitishi maji wala hazishiki taruma. Reli moja huzama kuliko nyingine na njia hujisokota. Gurudumu la upande uliozama hupungukiwa uzito huku likiendelea kusukumwa pembeni. Msukumo ukiuzidi mno uzito huo, ukingo wa gurudumu huipanda reli na treni huacha njia. Kwa macho ya mpita njia, reli hiyo inaweza kuonekana haina kasoro.

Kinga ya miaka yote imekuwa gengi: watu wanaotembea kwa miguu juu ya mataruma, wakikaza bolti, wakishindilia kokoto, wakizibua mitaro. Kazi yao haina sherehe ya uzinduzi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu imedharauliwa. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalipoibomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe, msafiri wa Kasulu aliukosa usafiri kwa maji yaliyomwagika mamia ya kilomita kutoka kwake. Miaka hiyo reli ilikuwa mikononi mwa TRL, ubia wa Serikali na kampuni ya India ya RITES ulioanza 2007 na kuvunjika 2011. Shirika la Reli Tanzania likaundwa upya mwaka 2017.

Sasa inajengwa reli ya kisasa ya upana wa milimita 1,435. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Reli hiyo itakuwa na vipande vilivyounganishwa kwa kuchomelewa, na mlio wa viungio utapungua sana. Ila mwendo mkubwa hauvumilii wimbi dogo, na mito ya Ruchugi na Malagarasi itaendelea kushuka. Wakubwa wa reli waajiri na kuwafundisha vijana wa Uvinza, Kasulu na Kibondo kazi ya kupima njia na kutunza mitaro sasa, kabla mkandarasi hajafungasha vifaa vyake.