Mandharinyuma ya Pikipiki

Mtaani wapigapicha husema "bakgraundi" na wateja huwaelewa. Mwandishi wa kitabu cha mafunzo ndiye mwenye kazi ya kuchagua neno la Kiswahili. Usuli wameshauchukua watafiti: usuli wa tatizo, usuli wa utafiti. Pazia ni kitambaa cha studio, kama yale yenye michoro ya meli na ndege yaliyotundikwa karibu na feri ya Likoni, Mombasa, miaka ya 1990. Mandhari, kwa mpigapicha, ni eneo zima. Linabaki mandharinyuma: yote yanayoonekana pichani nyuma ya anayepigwa. Naliunga mkono, ila pikipiki hulitia jaribuni.

Mwanamitindo ana umbo lililofungika. Ukuta au bahari huishia kwenye bega lake. Pikipiki ina matundu. Mandharinyuma huchungulia kati ya spoki, chini ya tangi, hata pembeni mwa injini. Iweke mbele ya uzio wa seng'enge au nyasi ndefu uone: nyaya, mabomba na majani hushikana, usijue chuma kinaishia wapi. Ndiyo maana ukuta mtupu, kama zile kuta za chokaa za Mji Mkongwe, Unguja, huifaa kuliko bustani nzuri yenye maua mengi.

Wengi hukimbilia kufungua lenzi hadi f/2.8 ili nyuma pafifie. Kwa uso wa mtu ni sawa. Pikipiki ina urefu wa kama mita 2. Ukiipiga mshazari kwa karibu, taa ya mbele itakuwa kali na tairi la nyuma litamezwa na ukungu. Heri ufunge hadi f/8, kisha uisogeze mbali na ukuta. Umbali huo nao hufifisha.

Jaribu lenyewe ni tangi. Rangi inayong'aa na kromu ni vioo, kwa hiyo gari jeupe lililoegeshwa nyuma ya mpigapicha, watoto wanaoshangaa, hata fulana yake nyekundu, vyote huingia pichani kutokea upande ambao neno letu halikuutaja. Kuuita mandharimbele ni kukosea, maana hayo ni yaliyo kati ya kamera na kinachopigwa. Mimi nauita uakisi, na ningependa kila kitabu kiufundishe katika sura hiyohiyo ya mandharinyuma.

Jua nalo lina upande. Coco Beach, Dar es Salaam, hutazama mashariki: ukitaka bahari nyuma na mwanga usoni mwa mwanamitindo, nenda jioni. Forodhani, Unguja, hutazama magharibi. Jioni hapo utapata kivuli cheusi cha mtu na pikipiki, na wapo wanaokitaka hicho hasa.

Kabla hujamlipa mwanamitindo, nenda mahali hapo saa ileile utakayopiga, omba ruhusa ya mwenye ukuta, chuchumaa usawa wa tangi, kisha geuka utazame mgongoni mwako.