Katibu wa Baba

Kila nipitapo Barabara ya Kawawa, kutoka Magomeni kuelekea Morocco, humkumbuka marehemu baba, aliyekuwa kuli bandarini. Wengine walimwita Rashidi Mfaume Kawawa Simba wa Vita. Baba alimwita Katibu, hadi kufa kwake.

Vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika vilipoungana mwaka 1955 katika shirikisho la TFL, Kawawa ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa kwanza. Alikuwa karani wa serikali, akaiacha kazi hiyo. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia walipogoma mwaka 1958, shirikisho liliwataka watu wasinywe bia. Baba, ambaye hakuonja bia maishani mwake, alijigamba mpaka uzeeni kwamba naye aligoma.

Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, Kawawa akashika nafasi yake. Mwaka huohuo serikali yake ilipitisha sheria ya migogoro ya kazi. Kabla ya kugoma ilibidi kupitia usuluhishi, kisha baraza la uamuzi. Kwa kweli mlango wa mgomo ulifungwa. Kasanga Tumbo wa chama cha reli, mpinzani mkubwa wa mwelekeo huo, alipelekwa London kuwa balozi, naye hakukawia kujiuzulu. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, TFL ilivunjwa. Ikaundwa NUTA, na Katibu Mkuu wake akawa mteule wa Rais.

Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu, kichwa kimejaa maswali, nilimwuliza baba kama Katibu wake hakuwageuka. Alimaliza kahawa yake kwanza.

"Mwanangu, aliye nje hupiga hodi. Akishaingia ndani, hodi za wenzake humkera. Lakini kiinua mgongo tulikipata."

Ni kweli, sheria ya kiinua mgongo nayo ni ya mwaka 1962. Hata hivyo jibu lile sikulikubali; nililiona la mtu aliyechoka.

Miaka mingi baadaye nikawa mkuu wa chuo. Wakufunzi wangu walitaka kugoma kwa ajili ya malimbikizo ya mishahara, na madai yao yalikuwa ya haki. Niliwaandikia barua ya kuwakumbusha taratibu. Hawakugoma. Wawili kati yao walistaafu kabla ya kulipwa.

Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa Madale. Kadi ya chama ya baba ninayo bado. Imo katika faili moja na nakala ya barua ile.