Nyapara Hatoshi: Kutafuta Kiswahili cha Maikromenejimenti

Anayetafsiri neno maikromenejimenti kwa haraka huandika "usimamizi mdogo", na hapo ndipo anapopotea. Katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 udogo una maana, kwa sababu fedha zenyewe ni kidogo. Kwa bosi wa maikromenejimenti kilicho kidogo ni mambo anayoyaingilia. Usimamizi wenyewe umepita kiasi. Mfanyakazi wa Geita akisoma "usimamizi mdogo" atadhani bosi hafiki kazini, na pengine atamwonea wivu anayefanya kazi chini yake.

Mtaani watu hawasubiri istilahi. Bosi wa namna hiyo "anakukaba", "amekukalia kooni", au kwa kifupi ni nyapara. Neno hili la mwisho ni mali ya ukanda huu wa Unyamwezi na Usukuma. Lilitoka kwa Wanyamwezi, jirani na ndugu wa Wasukuma, ambao katika misafara ya karne ya 19 kiongozi wa kikundi cha wapagazi walimwita mnyampara. Alikuwa mtu wao, ndiye aliyewasemea habari za posho na ujira. Ukoloni ukamgeuza msimamizi wa vibarua, jela ikamchukua, na leo ukimwita mtu nyapara umemtukana. Hata hivyo sioni kama neno hili linatosha. Nyapara anachotaka ni jasho: usikae, usilale, karai lijae. Jinsi unavyoshika jembe haimhusu.

Ili kuona ubaya uko wapi hasa, tazama kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, kule Nyarugusu au Mwakitolyo. Mwenye duara hukaa juu, mdomoni mwa shimo, macho kwenye kamba. Kila kiroba cha mawe kikipanda kinahesabiwa, kinafungwa mbele yake, kinatiwa alama, na usiku kinalindwa mpaka siku ya karasha, mashine ya kusaga mawe, maana mawe yakipotea mgawo wa wote umepungua. Ulinzi ni mkali na hakuna anayeuita uonevu. Lakini aliye chini, mwenye tochi kichwani, ndiye anayeamua mwamba ufuatwe upande gani na magogo ya kuzuia kifusi yasimikwe wapi. Mwenye duara akianza kumpigia kelele za hayo kutoka juu, wachimbaji wazuri watahamia kwa jirani.

Kwa hiyo ubaya wa maikromenejimenti hauko kwenye ukali wala wingi wa macho. Uko pale mtu anapopewa kazi kisha akanyang'anywa uamuzi. Ndiyo maana mimi ningesema "usimamizi wa kupokonya". Ni refu, lakini linasema kilichofanyika.

Chukua karani wa manunuzi katika kampuni ya kandarasi pale Kahama. Ameajiriwa kununua glavu na buti. Bosi anataka kuona bei za maduka matatu, na hiyo ni haki yake. Kisha anataka kusoma kila barua pepe kabla haijatumwa, anabadilisha "Ndugu" kuwa "Mheshimiwa", anadai picha ya buti kwenye WhatsApp, rangi haimpendezi. Oda ikichelewa, anayeulizwa ni karani.

Wapo pia wanaolalamika pasipostahili. Mgodi wa Bulyanhulu ni wa chini ya ardhi, kina kinazidi mita 1,000. Katika migodi ya aina hiyo, baada ya kulipua hakuna anayerudi eneo lile mpaka hewa ipimwe na mwamba ukaguliwe. Msimamizi anayedai kila hatua hapo hapokonyi kitu, kwani utaratibu ulikuwepo kabla yake na unamfunga hata yeye. Ukiona bosi anabadilisha masharti kila asubuhi kulingana na alivyoamka, hilo ni jambo jingine.

Kwa karani wetu, kununa na kuficha habari hakusaidii. Bosi mwenye hofu akinyimwa habari huongeza macho. Afadhali ampelekee taarifa kabla hajaulizwa, saa ileile kila siku, na siku ambayo bosi ametulia amuulize: "Mzee, manunuzi ya hadi shilingi ngapi niamue mwenyewe, na kuanzia wapi nilete kwako?" Jibu likitoka, aliandike na amtumie siku hiyohiyo. Mabosi wengine hawajawahi kuulizwa swali hilo. Wengine nao wamekabwa na mteja aliye juu yao, wanashusha tu walichopokea.

Wapo mabosi wasiobadilika. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtambua mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya ajira isivumilike: huhesabiwa kuwa ameachishwa. Kisha ana siku 30 za kufikisha mgogoro mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini kubadilishiwa "Ndugu" kuwa "Mheshimiwa" hakufiki huko. Atakayekwenda Tume aende na ujumbe wenye tarehe, na nakala ya malalamiko aliyoyapeleka kwanza ndani ya kampuni.