Skeli ya noti tano: njia rahisi ya kuanza kupiga solo kwenye gitaa

Wengi wanaojifunza gitaa hufika mahali wakakwama. Kodi za G, C na D wanazishika vizuri, nyimbo wanaimbia, ila wakiambiwa wapige solo vidole havijui pa kwenda. Hapo ndipo skeli ya pentatoniki meja, yaani ngazi ya noti tano, inapookoa jahazi.

Ni noti zipi?

Aliyewahi kuimba kwaya kwa sofa ameshamaliza nusu ya kazi. Skeli ya meja ya kawaida ina noti saba: do, re, mi, fa, so, la, ti. Zikitolewa fa na ti, zinabaki do, re, mi, so, la. Hiyo ndiyo pentatoniki meja.

Fa na ti hazitolewi hivi hivi tu. Fa iko nusu hatua kutoka mi, na ti iko nusu hatua kutoka do. Noti zilizobanana namna hiyo hugombana kirahisi zikikutana na kodi isiyozitaka. Zikiondoka, tano zilizobaki zinaelewana, na anayeanza hapotei sana.

Skeli hii iko sehemu nyingi duniani. Muziki wa tizita wa Ethiopia, ule wa aina ya meja, una noti hizi hizi. Gitaa linalofungua wimbo "My Girl" wa The Temptations, uliotoka 1964, linapanda do, re, mi, so, la, do.

Kwa nini kuanza na G?

Kwenye G, noti tano ni G, A, B, D na E. Gitaa lililotyuniwa kawaida, kuanzia uzi mnene kabisa, ni E, A, D, G, B, E. Nyuzi zote sita zimo ndani ya skeli! Hata uzi usiobonyezwa unakubali.

Pa kuweka vidole

Kidole cha shahada kinasimamia freti ya 2, cha kati ya 3, cha pete ya 4, na kidogo ya 5. Uzi wa 6 ndio mnene.

- Uzi wa 6: freti 3, 5
- Uzi wa 5: freti 2, 5
- Uzi wa 4: freti 2, 5
- Uzi wa 3: freti 2, 4
- Uzi wa 2: freti 3, 5
- Uzi wa 1: freti 3, 5

Kidole kibonyeze karibu kabisa na chuma cha freti, si katikati ya nafasi. Sauti inatoka safi na mkono hauchoki haraka.

Noti ya nyumbani, G, inapatikana uzi wa 6 freti ya 3, uzi wa 4 freti ya 5, na uzi wa 1 freti ya 3.

Mazoezi

1. Polepole kwanza. Metronomu ya kwenye simu iwekwe mapigo 60 kwa dakika, noti moja kwa kila pigo. Kasi ipande pale tu vidole vinapoacha kukosea.

2. Kurudi nyumbani. Kila kipande kiishie G. Noti hizo hizo zikizungushwa na kuishia E, sikio linasikia E maina, ambayo ina huzuni kidogo.

3. Kupiga juu ya rithim. Kodi za G, C na D zirekodiwe kwenye simu, kisha solo ipigwe juu yake. Ikija C, noti E na G zinatulia. Ikija D, D na A ndizo zinazokaa.

4. Kuhama. Umbo lote likisogezwa freti 2 mbele linakuwa A. Likisogezwa freti 5, linakuwa C. Vidole havibadiliki.

Kosa linalowachelewesha wengi

Ni kupanda na kushuka skeli kama ngazi, miezi na miezi. Hiyo ni mazoezi ya vidole, bado si solo. Bora kuchukua noti tatu tu, kuzipanga upya, kurudia moja, kisha kunyamaza kidogo kama mwimbaji anayevuta pumzi.

Fa na ti zitarudi baadaye, sikio likishazoea. Kwa kuanzia, noti tano zinatosha kumtoa mtu kwenye rithim na kumpa nafasi ya kusikika.