Kutoka Santuri hadi Bando: Lugha na Ununuzi wa Muziki Pwani ya Kusini mwa Tanzania

Historia ya biashara ya muziki Afrika Mashariki kwa kawaida huandikwa kutoka Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, yaani kutoka mahali muziki uliporekodiwa. Ikitazamwa kutoka Mikindani hubadilika sura, kwa sababu huko muziki uliouzwa ulifika ukiwa shehena. Siti binti Saad alikwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Katika miaka ya 1950 na 1960 lebo ya Mzuri, iliyomilikiwa na duka la Assanand mjini Mombasa, ilitoa santuri za taarabu na za dansi, zikiwamo za Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro. Bendi za Tanzania ziliendelea kuitegemea Nairobi kwa utengenezaji wa santuri hata baada ya uhuru, na mpaka wa nchi hizo mbili ulipofungwa kati ya 1977 na 1983 njia hiyo ikawa ngumu.

Mikindani ilikuwa mbali zaidi na mkondo huo. Bandari yake ilikwisha kupoteza nafasi kwa Mtwara, mji uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango wa karanga. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika wakati wa masika, na Rufiji ulivukwa kwa kivuko hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Redio, iliyoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, haikuhitaji barabara. Ndiyo maana ni kosa kudhani kwamba kila mahali palikuwa na duka la santuri ambalo sasa limetoweka. Kwa wakazi wengi wa kusini, kilichotoweka ni kibanda cha kanda.

Msamiati unaithibitisha tofauti hiyo. *Santuri* ni neno lililokopwa, nalo lilitumika kwa mashine na kwa kilichochezwa juu yake. Ilipohitajika kutofautisha, ilisemwa *kinanda cha santuri* na *sahani ya santuri*. *Kanda* ni neno la hapa hapa, la ukanda wa ngozi au kitambaa, lililopanuliwa maana bila kelele. Maneno yote mawili yalitaja kitu kinachoshikika, chenye karatasi iliyobandikwa jina la bendi, jina la wimbo na mara nyingi aina ya mdundo. Mwanafunzi wa fasihi anayetafiti mashairi ya dansi anaijua thamani ya karatasi ile: bila hiyo mtunzi hajulikani.

Kisha likaja *pakua*. Kitenzi hiki kina maana mbili kongwe, kutoa chakula chunguni na kuteremsha shehena chomboni, na ya pili ilifaa mno kwa mji wa majahazi. Hata hivyo, mpakuzi wa shehena alikuwa na mwenye mali wa kumlipa au kumdai. Anayepakua wimbo hana. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Mdundo ilianza Nairobi mwaka 2013, na Wasafi.com, mradi wa Diamond Platnumz wa kuuza nyimbo mtandaoni, ulifuata mwaka 2017. Spotify iliingia Tanzania mwaka 2021. Ilikuwa kinaya kwamba serikali ilianza kubandika stempu za ushuru kwenye kanda na diski mnamo 2013, wakati bidhaa zenyewe zilikuwa zikiondoka sokoni.

Katika mazungumzo ya kila siku, lakini, kitenzi *nunua* hakikuhamia kwenye wimbo. Kinachonunuliwa ni *bando*. Wimbo huombwa: *niwekee*, *nirushie*, *nitumie*. Vitenzi hivi vyote viko katika kauli ya kutendea, na katika sentensi zao mna mpaji na mpokeaji, ila hamna mwanamuziki. Hata kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo katika simu na flashi, fedha hulipwa kwa kazi ya kuweka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina maneno ya kumtetea mtunzi. Lugha ya kibandani haina pa kumweka.

Hasara hiyo si sawa kwa wote. Mwanamuziki mashuhuri wa Dar es Salaam hujitaja ndani ya wimbo wenyewe, desturi ambayo huenda imechochewa na hali hii. Hali ya waimbaji wa ngoma za Mtwara ni tofauti. Sindimba ya Wamakonde ilichukuliwa kuwa ngoma ya taifa na kuchezwa na vikundi vya kila mkoa, huku majina ya watunzi wa nyimbo zake yakibaki vijijini. Faili la sauti linapozunguka kutoka simu hadi simu, mara nyingi jina pekee lililoandikwa juu yake ni la tovuti iliyolipandisha, na mtafiti anayelipokea Mikindani hupata maneno ya wimbo, pengine lahaja yake pia, bila kujua ni kinywa cha nani kilichoyatamka wala mwaka gani.