Safari Ndefu za Baharini: Maandalizi na Hukumu Zake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote ni za Allah Mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Sisi watu wa visiwani hatuna budi na bahari. Kila mara tunaulizwa na ndugu zetu wanaosafiri kwenda Pemba, Mafia, Kilwa au kuingia delta ya Rufiji, na suali lao la kwanza huwa ni kupunguza Sala. Lakini hukumu ya mwanzo ya safari huanza nchi kavu, nayo ni kupanda chombo au kutokipanda.

1. Kupanda au kutopanda

Kusafiri baharini ni halali ikiwa usalama ndio unaotarajiwa zaidi. Ikiwa hatari ndiyo yenye nguvu, kupanda ni haramu. Maulamaa wetu wa Kishafi wamesema hata Hija hailazimu kwa njia ya bahari ila pale usalama unapotarajiwa zaidi. Dalili ni makatazo ya kujitia katika maangamizi (Al-Baqarah: 195) na ya kujiua (An-Nisaa: 29). Imam Ahmad amepokea Hadithi inayomwonya anayepanda bahari wakati imechafuka.

Hatujasahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe.

Baada ya misiba kama hii husikika maneno mawili: kwamba ni kadari ya Allah, na kwamba aliyezama ni shahidi. Yote mawili ni kweli, na ushahidi wa aliyezama umethibiti katika Hadithi sahihi. Lakini hayamwondolei dhambi nahodha wala mwenye chombo aliyepakia kupita kiasi. Huyo amevunja amana, na ana dhamana ya roho za watu. Na abiria anayeona chombo kimejaa naye akasukumana apate nafasi, ajue kwamba anawazidishia hatari wenziwe. Kushuka na kungoja safari nyengine si udhaifu wa imani. Kufunga ngamia kisha kutegemea ndiyo mafunzo ya Mtume (S.A.W.).

2. Maandalizi

Upepo: Kaskazi huvuma takriban Disemba hadi Machi, na Kusi huanza baada ya hapo mpaka karibu na Oktoba. Anayekwenda Kilwa kwa jahazi wakati wa Kusi anakwenda dhidi ya upepo, basi azidishe siku, maji na chakula. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, safari iahirishwe.

Maji: Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa hiyo kalenda ya Hijria inamsaidia msafiri. Kwenye delta ya Rufiji chombo huingia maji yakijaa. Anayechelewa hupwelewa kwenye fungu au tope akangoja maji ya pili.

Majina: Kila abiria aandikwe, na mtoto mchanga pia. Jambo hili lina uzito wa kisheria. Mtu aliyepotea, asiyejulikana yu hai au amekufa, mkewe hakai eda wala mali yake hairithiwi mpaka upatikane ushahidi au kadhi ahukumu. Jina lisiloandikwa huweza kumwacha mjane na mayatima katika shaka kwa miaka.

Wasia: Aandike madeni na amana alizonazo, na awaachie watu wake matumizi yao.

3. Kupunguza na kukusanya Sala

Masafa ya kupunguza katika madhehebu yetu ni marhala mbili. Wanazuoni wa zama hizi wameyakadiria kuwa kilomita 81 hivi, na wengine wamefika 89. Baharini huhesabiwa masafa hayo hayo, hata yakikatwa kwa saa moja.

Kwa hiyo Unguja mjini hadi Mkoani, ambako ni zaidi ya kilomita 100, Sala hupunguzwa. Mafia na Kilwa ni mbali zaidi. Ama Dar es Salaam, kilomita 70 na kidogo, haifiki, na kwa madhehebu yetu hakuna kupunguza wala kukusanya. Nungwi hadi Mkoani pia haifiki.

Ruhusa huanza chombo kinapoondoka. Akinuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila ya siku ya kuingia na ya kutoka, atatimiza tangu anapofika. Aliyezuiwa na upepo bandarini, akitarajia kuondoka wakati wowote, hupunguza mpaka siku 18. Na mwenye maskani Pemba akifika kwao, safari yake imekwisha.

4. Udhu na kibla

Maji ya bahari ni tohara na yanatosha kwa udhu, kwa hiyo msafiri achukue ndoo na kamba. Kutayamamu hakufai maadamu maji yanafikika kwa salama.

Kutoka kwetu, Makka iko karibu kaskazini kabisa, basi dira ya nahodha inatosha kujua kibla. Sala ya faradhi husaliwa kwa kusimama. Anayeogopa kizunguzungu au kuanguka baharini atasali kwa kukaa, na hairudii. Chombo kikigeuka naye yumo ndani ya Sala, atageukia kibla na kuendelea.

5. Dua

Asome dua ya kupanda chombo iliyomo Suratu Hud aya ya 41 na dua ya safari iliyomo Suratuz Zukhruf aya ya 13 na 14. Na aombe sana, kwani dua ya msafiri hairudishwi.

Tunamuomba Allah awarehemu waliotutangulia baharini, na awape mabaharia wetu hofu Yake kabla ya hofu ya mawimbi.

Wallahu a'alam.